Breki ya Kumsalimia Baba

Shikamoo yake ilifika kwanza. Ilitoka huko juu, nyuma ya yale mawe makubwa ambako barabara ya Kiomboi inaanza kuteremka kuja kwetu, nayo ilikuwa ndefu, imevutwa kama uzi: "Shikamoooo..." Zikafuata kokoto zikiruka, ukafuata mlio wa bati linalogongagonga, na hapo ndipo alipotokea mwenyewe, kijana mrefu juu ya baiskeli nyeusi. Miguu aliitanua hewani kwa sababu pedali zilizunguka zenyewe kwa kasi asiyoiweza. Kofia nyeupe ngumu, ile ya jua waliyovaa wazungu wa boma, ilifungwa kidevuni kwa kamba.

"...ooo, mzee," akamalizia akiwa ameshafika kwenye kona ya chini, na baba, aliyeketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yetu ya tembe, akabaki na kinywa wazi na marahaba yake ndani.

Asubuhi za siku za kazi zote zilikuwa hivyo. Mimi nilikuwa nafagia uwanja, na nikisikia ile sauti ikianza kule juu nilisimamisha ufagio. Baba alijiweka sawa kwenye kigoda kama mtu anayengojea kupigwa picha. Vumbi likija, likipita, likitulia, yeye alitema mate pembeni na kusema, "Leo tena amenirushia."

Kwetu salamu hairushwi. Ukimkuta mtu mzima unashuka kwenye baiskeli, unaiegemeza ubavuni mwako, unavua kofia, unasema shikamoo, unangoja. Ukiitikiwa, ndipo unaulizwa habari za kwenu, za ng'ombe, za mvua, halafu za ng'ombe tena, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa ya utangulizi tu. Baba alikuwa fundi wa salamu. Wageni walioniomba maji ya kunywa mbele yake waliyapata kabla hajamaliza habari za ng'ombe wa kwanza.

Kijana mwenyewe alikuwa dresa, mfunga vidonda, katika zahanati ndogo iliyokuwa bondeni chini yetu. Alilala kwao Kiomboi, akateremka kila asubuhi na kupanda kila jioni. Baiskeli aliinunua kuukuu Singida mjini. Breki ya nyuma haikuwepo. Yalibaki matundu ya skrubu. Ya mbele ilikuwepo, ila mpira wake ulikuwa umekwisha, naye akaweka kipande cha katambuga, kiatu cha tairi. Kwenye tambarare kipande kile kilifanya kazi nzuri sana, maana kwenye tambarare baiskeli ile ilitaka kusimama yenyewe. Gia yake ilikuwa nzito kupindukia: mbele duara la meno kubwa kama sinia, nyuma kidude kama kisosi cha chai. Mlima hakuupanda na baiskeli hata siku moja. Aliisukuma.

Kwa hiyo jioni alikuwa mtu mwingine.

Jioni mama na mimi tulikuwa uwanjani tukipepeta uwele, na baba alikuwa nyuma ya nyumba, zizini, akikamua. Kijana alitokea chini polepole, kofia imening'inia mgongoni, shati limemganda mwilini. Akisukuma. Alipofika kwetu alisimama, akaegemeza baiskeli, akainama. "Shikamoo, mama." Mama akaitikia, naye akauliza habari za nyumbani, za shamba, za mguu wa mama uliokuwa ukimsumbua, za mbuzi aliyezaa, na za yule mtoto wa mbuzi. Nadhani nusu ya adabu ile ilikuwa kutafuta pumzi. Lakini nusu nyingine ilikuwa ya kweli, na mimi nilimletea maji katika kibuyu, na alipokuwa akinywa alinitazama juu ya ukingo wa kibuyu kwa macho ambayo hayakuwa na haraka yoyote. Mbingu ya Iramba jioni huwa na rangi ya mtama ulioiva, na mimi nilikuwa na umri wa kuamini kwamba rangi ile imewekwa kwa ajili yangu.

Nyumbani kwetu, basi, walijulikana vijana wawili. Baba alimjua mwendawazimu wa asubuhi. Mama alimjua mpole wa jioni. Mimi niliyejua kwamba ni mmoja nilinyamaza, kwa sababu msichana hana la kusema juu ya mwanamume anayepita barabarani.

Jumapili moja baada ya kanisa akaja baba mdogo wa yule dresa kuleta posa. Mama na mimi tuliingia chumba cha ndani, tukakaa nyuma ya ukuta, mama ameshika ungo ili ionekane tuna kazi.

"Huyo dresa," tulimsikia baba, "ndiye anayepita hapa na baiskeli?"

"Ndiye, mzee mwenzangu. Anapita hapa kila siku."

"Kupita ndiyo. Anapita. Sijamwona akifika."

Mama alishindwa kujizuia, akasema kupitia ukutani, "Si yule kijana wa jioni? Ametulia kama maji mtungini."

"Mama watoto," baba akajibu ukuta, "maji ya mtungini hayajanipita mbele ya mlango kama risasi."

Yule mgeni alikohoa. "Ni breki, mzee. Moyo wake unasimama. Baiskeli ndiyo haisimami."

"Basi aje, vyote viwili visimame." Kigoda kililia, baba alikuwa anajiweka sawa kwa hukumu. "Aje asubuhi, akiteremka. Ashuke mbele yangu, avue hiyo sufuria ya kichwani, anisalimie kama mtu. Nikimaliza kuitikia, tutaongea habari za binti. Mtama ukiingia ghalani bado ananirushia salamu, nitamsikiliza yule mfanyabiashara wa ngozi wa Mkiwa. Yeye hana baiskeli."

Mfanyabiashara wa ngozi wa Mkiwa nilimfahamu. Alikuwa mgane mwenye miguu mibovu, akitembea taratibu kama anayepima shamba, na salamu zake zilidumu mpaka uji ukaota ngozi. Baba alimpenda kwa dhati. Nami, nimeketi gizani nyuma ya ukuta, niliona kwamba maisha yangu yote yamening'inia kwenye kipande cha mpira kisichozidi kidole gumba.

Siku ya soko nilipeleka kuku Kiomboi, na kuku walipokwisha nikapita, kwa bahati niliyoipanga tangu asubuhi, barazani kwa fundi wa baiskeli. Dresa alikuwepo. Walikuwepo pia wanaume wawili wa benchi, wale ambao kila fundi anao, wasio na baiskeli wala shughuli.

"Dresa," fundi alikuwa anasema, "umekuja kunifunga kidonda?"

"Nimekuja unifunge breki."

Fundi alikuwa mtu mnene aliyependa maneno kuliko spana. Alieleza njia mbili, akizishika hewani kama samaki wawili. Ya kwanza: breki za mkono, vyuma vipya mbele na nyuma, na mipira mipya. Ya pili: gurudumu zima la nyuma lenye breki ndani yake, ambalo unakanyaga pedali kinyumenyume nalo linasimama. Alikuwa nalo moja, limening'inia ukutani. Lilitoka kwenye baiskeli ya bibi muuguzi wa Kizungu aliyerudi kwao.

"Gurudumu la bibi," akasema mtu wa kwanza wa benchi. "Litakudai ukae upande."

"Na uvae soksi," akasema wa pili.

Dresa hakucheka. Alikuwa anawaza, na alipowaza alitikisa kofia yake mkononi. "Nikibana breki mbili kwa mikono miwili, kofia naivua na nini?"

Hata fundi alilitazama swali hilo kwa heshima.

"Kwa meno," akasema wa kwanza.

"Iache nyumbani," akasema wa pili.

"Nikija bila kofia sina cha kuvua," akasema dresa. "Mzee ataona nimekuja tu."

Wote wakakubali kwamba hiyo ni kweli. Mtu anayekwenda kuoa hawezi kuja tu.

Ikaamuliwa wajaribu. Fundi aliitundika baiskeli kwa kamba kwenye mti wa paa la baraza, magurudumu yakaelea hewani, akafunga mipira mipya kwenye breki ya mbele. Dresa akapanda, akavaa kofia.

"Mimi ni mlima," akasema fundi, akashika gurudumu la mbele kwa mikono yake yenye grisi tayari kulisukuma. "Nani mzee?"

Watu wa benchi wakaanza kubishana. Wa kwanza alisema wa pili hana sura ya mkwe wa mtu. Wa pili alisema hata yeye mwenyewe asingemwoa binti wa wa kwanza. Nikaweka tenga langu chini.

"Mimi nitakuwa mzee," nikasema.

Walinitazama, ila dresa alitazama usukani. Nilikaa juu ya debe, nikajitanda khanga mabegani kama blanketi la baba, nikakunja mdomo upande wa kushoto kama anavyoukunja baba, na sauti iliyonitoka ilikuwa yake kabisa mpaka nikaogopa kidogo.

Mlima ukaanza kusukuma. Dresa akabana breki, gurudumu likasimama, akaachia mkono ili avue kofia, mlima ukasukuma tena. "Shikamoo, ba..." akasema akipita, ijapokuwa hakwenda popote.

"Nani huyo anayenipita na sufuria?" nikauliza.

Watu wa benchi walianguka kwa kicheko. Wakajaribu tena, na tena alinipita.

Fundi akashusha baiskeli, akatoa gurudumu la zamani, akafunga la bibi. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kwa sababu kila nati ilikuwa na hadithi. Alipomaliza aliitundika tena. Mara hii alishika gurudumu la nyuma, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Dresa akakanyaga kinyumenyume. Gurudumu likashikwa palepale, na mlima ukabaki unahema. Mikono miwili ya dresa ilikuwa huru. Akavua kofia, akaiweka kifuani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikasema kwa sauti ya baba. "Habari za kwenu?"

"Njema, baba."

"Ng'ombe?"

"Wazima, baba."

Tulitazamana. Baiskeli ilikuwa inajizungusha polepole kwenye kamba, kwa hiyo alinitazama, akatazama ukuta, akatazama barabara, akarudi tena kwangu. Huo ndio ulikuwa uchumba wetu, na hakuna aliyeuona, kwa kuwa wanaume watatu walikuwa wameinama wakitazama breki.

"Na meno ya nyuma umeyaona?" fundi akamwambia. "Makubwa, mengi. Gia nyepesi. Huo mlima wako sasa utaupanda umekaa kama gavana."

"Sina haja ya kupanda nimekaa. Nina haja ya kusimama nikiteremka."

"Vinakwenda pamoja. Gurudumu ni moja, silikati nusu."

Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria neno hilo zaidi.

Asubuhi iliyofuata sikusikia shikamoo kutoka juu. Nilisikia mlio mwingine, mzito, kama ng'ombe anayelalamika usingizini, ukija taratibu, na baba akageuza shingo. Dresa alitokea kwenye kona akiteremka kwa mwendo wa wabeba maiti. Breki ikinguruma, akafika mbele ya kigoda, akasimama. Akashuka. Akaiegemeza baiskeli ubavuni. Akafungua kamba ya kidevuni, akavua kofia, akangoja vumbi lake mwenyewe limfikie na kumpita.

"Shikamoo, mzee."

Baba alikunja mdomo upande wa kushoto. Alikula utamu wake kwanza. "Marahaba," akasema, na kutoka hapo akampeleka kijana kwenye habari za kwao, za ng'ombe, za mvua, za ng'ombe, za babu yake, za mpaka wa shamba la babu yake. Jua likapanda. Kule bondeni vidonda vya watu vilikuwa vinangoja. Halafu baba akanusa.

"Hicho kinachotoa moshi ni nini?"

Kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma grisi ilikuwa inaungua, na moshi mwembamba wa buluu ulikuwa unapanda kwa unyenyekevu.

"Ni breki, mzee. Mlima ni mrefu, inapata moto."

Baba aliinama, akautazama ule moshi kwa muda. "Kwa hiyo hata chuma chake kinateseka ili kunisalimia," akasema, akinigeukia mimi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mgeni. Siku ile alikunywa uji vikombe viwili akiimba.

Nikadhani tumevuka. Ilikuwa asubuhi tu.

Jioni mama aliweka ungo tayari na kigoda cha mgeni, kwa kuwa habari zilikuwa zimemfikia kisimani. Dresa akatokea chini. Hakuwa anasukuma. Alikuwa juu ya baiskeli, ameinama, miguu ikizunguka haraka kama ya panya, na baiskeli ikija mdogomdogo, mtu wa kutembea angeweza kuipita. Gia ilikuwa nyepesi kweli. Lakini barabara ile ina mchanga na kokoto, na ukisimama katikati ya mlima huanzi tena. Alijua hilo, nami nililiona usoni mwake alipotukaribia: alitaka kusimama na aliogopa kusimama.

"Shikamoo, mama," akasema kutoka juu ya tandiko, akihema.

Alikuwa anakwenda polepole kiasi kwamba mama aliweza kumtazama kuanzia kofia mpaka viatu, na bado hajapita. "Mguu haujambo? Mbuzi hajambo?" akauliza, akizidi kukanyaga. Akapita. Akaendelea kupita kwa muda mrefu sana.

Mama aliweka ungo chini. "Ameota pembe," akasema.

"Mama, ni gia."

"Posa haijajibiwa, ameshaota pembe."

Usiku ule wazazi wangu walibadilishana maneno yao yote. Baba alisema kijana ametulia kama maji mtungini. Mama alisema maji ya mtungini hayampiti mtu yakimwuliza habari za mguu. Baba alisema mama hajui kuangalia. Mama alisema kama baba ametosheka na moshi, basi aolewe yeye. Kwa siku kadhaa hali ilikuwa hiyo: asubuhi moshi na uji, jioni salamu inayopita. Dresa alijitahidi, alianza kumsalimia mama kutoka mbali zaidi ili salamu imalizike kabla ya uwanja wetu, na hilo likaharibu mambo zaidi, maana sasa alipofika mbele yetu alikuwa kimya. Mtama ulikuwa unakauka juani karibu na ghala. Mama akaanza kuulizia, kwa sauti ya kawaida, kama ngozi zina bei Mkiwa.

Ilikuwa jioni ya upepo, ule upepo wa Singida unaopuliza makapi machoni. Mama hakukaa. Aliposikia mnyororo unalia kule chini, alijifunga khanga kiunoni, akatoka, akaenda kusimama katikati ya barabara, kichwani amebeba ungo wa uwele, kama nguzo ya boma.

Dresa alimwona. Akafanya lile ambalo miguu yake ilikuwa imefunzwa asubuhi zote zile: akakanyaga kinyumenyume. Kwenye mteremko breki ile ilikuwa na kasi ya kumeza. Kwenye mlima, na mwendo wa konokono, haikuwa na kitu cha kumeza. Baiskeli ilisimama palepale kama imepigiliwa msumari. Kwa kitambo kidogo kijana na baiskeli walikaa wima, wakifikiri. Kisha wakaanguka pamoja, upande, taratibu, kama mti unaokatwa na mtu mvivu, na kofia ikafunguka, ikabingirika mpaka kwenye vidole vya miguu ya mama.

"Shikamoo, mama," akasema akiwa amelala chini, shavu kwenye mchanga.

Mama hakuwahi kusalimiwa hivyo maisha yake yote. Sikuona mtu wa Iramba akisalimiwa hivyo kabla wala baada. Alishusha ungo kichwani, akautazama mwili ule mrefu ulionyooka mbele yake, pedali moja bado ikizunguka.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Mguu haujambo, asante. Mbuzi hajambo."

Baba alitokea zizini mbio, kibuyu cha maziwa mkononi. Aliona yote. Akaona na uso wa mama, na wivu ukamshika, nilimwona kwa macho yangu.

"Mimi alinisalimia amesimama," akasema.

"Ndiyo," mama akajibu. "Wewe amesimama."

Tulimwingiza ndani. Nikamwosha kiwiko, mfunga vidonda akifungwa kidonda na mtu asiyejua, naye hakusema kwamba nimefunga vibaya. Baiskeli nayo iliingizwa, ikaegemezwa kwenye ukuta. Baba akakaa, akamwita mama akae, akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Binti utampata," akasema mwisho. "Peleka neno kwa baba yako mdogo, aje tumalize mambo ya ng'ombe."

Dresa alitaka kupiga magoti, ila kiwiko na goti vilikuwa na jeraha upande mmoja, akapiga goti moja.

"Lakini sikiliza. Hiki chuma asubuhi kinamheshimu baba, jioni kinamdharau mama. Kisha jioni kinamheshimu mama kuliko baba. Nyumba haikai hivyo. Kitalala hapa mpaka siku ya harusi. Wewe utatembea. Asubuhi kwa miguu, jioni kwa miguu. Salamu zitakuwa sawa."

"Kwa miguu mpaka bondeni, baba?"

"Yule wa Mkiwa anatembea kutoka mbali zaidi."

Dresa aliitazama baiskeli: breki iliyochaguliwa kwa mashauri ya baraza zima, gia nyepesi kuliko zote za Kiomboi. Kisha akanitazama mimi. Akavaa kofia ili apate kuivua, akaivua, akamuaga baba, akamuaga mama, akaniaga bila sauti. Na kwa kuwa mkwe hawapi wakwe mgongo, akatoka kinyumenyume, akagonga kisogo kwenye mwimo, akasema samahani kwa mwimo, akatoka. Baba akanyoosha mkono, akapiga kengele ya baiskeli mara moja, kwa upole, akafunga mlango.